Ngoja Ripoti

Kuna kibanda cha chai hapa Shirere ambacho redio yake haizimwi. Alfajiri ni mahubiri, kisha siasa, kisha matangazo ya vifo, halafu saa moja taarifa ya habari. Hapo ndipo mimi na Khocha hukutana, yeye na chai yake ya tangawizi, mimi na deni langu. Khocha si mjomba wangu wa damu. Ni mjomba wa rafiki yangu, lakini kwetu khocha wa rafiki ni khocha wako, na ukimwita kwa jina watu watauliza ulilelewa wapi. Alirusha ndege za abiria kwa miaka mingi kabla hajastaafu na kurudi nyumbani kwa ng'ombe wake watatu.

Siku moja redio ikasema abiria wamenusurika kifo baada ya ndege kushindwa kutua mara ya kwanza. Kibanda kizima kikasema woi. Khocha akaweka kikombe chini.

"Hakuna aliyenusurika hapo."

Mama wa chai akageuka na mwiko mkononi. "Ala! Kwani walikufa?"

"Hapana, mama. Hakukuwa na kifo cha kunusurika."

Akatueleza. Rubani akikaribia kutua akaona upepo umebadilika, au kuna ndege nyingine bado haijatoka njiani, au kasi tu si ile anayoitaka, anaongeza nguvu za injini, anapaa tena, anazunguka, anarudi. Amefundishwa hivyo tangu siku za kwanza na hulifanyia mazoezi jambo hilo kwenye mashine ya kuigiza ndege hadi anastaafu. Ni kama dereva wa matatu aliyetaka kuovateki, akaona lori, akarudi nyuma ya foleni. Hakuna gazeti litakaloandika kwamba abiria kumi na wanne wa kwenda Mumias wamenusurika kifo kwa sababu dereva wao ana akili. "Wa kuogopwa," Khocha akasema, "ni yule anayelazimisha kutua."

Tangu siku hiyo mimi husikiliza habari za ndege na Khocha vile mtu hula samaki na mtoto mdogo: kila tonge unaangalia mwiba kwanza. Nimejifunza miiba yake. Wa kwanza ni kitenzi. Ukisikia "yanusurika", "yaporomoka", "yatumbukia", uliza ni mita ngapi. Ndege ikirushwarushwa na msukosuko wa hewa, abiria atakuambia ilishuka kama jiwe, lakini vipimo mara nyingi vitaonyesha ilishuka futi chache tu, na aliyeumia ni yule ambaye hakufunga mkanda. Ile "mifuko ya hewa" tunayoambiwa haipo. Hewa haina shimo. Inapanda na kushuka tu, kama maji ya mto Isiukhu ukipiga kona kwenye mawe.

Mwiba wa pili ni shahidi. Khocha hasemi mashahidi ni waongo. Anasema macho ndiyo yaliyoona lakini mdomo ndio unaosema, na kati ya macho na mdomo kuna safari ndefu. Wa tatu ni namba za saa ya kwanza. Mnakumbuka Bukoba, tarehe 6 Novemba 2022, ndege ya Precision Air ilipotumbukia Ziwa Victoria karibu kabisa na uwanja? Siku ile tuliambiwa waliookolewa ni 26 kati ya 43. Baadaye ikawa 24 walio hai na 19 waliokufa, marubani wote wawili wakiwemo. Hakuna aliyedanganya. Watu walikuwa wanahesabu wakiwa majini, huku wengine wakivuta kamba, na waokoaji wenyewe wakichanganyika na waliookolewa. Lakini kuna familia mahali ambayo kwa saa kadhaa ilikuwa upande wa 26.

Wa nne ni shujaa. Hapa Khocha hutoa mfano wa majirani zetu. Mei 2016, mwili wa mfanyabiashara Jacob Juma ulipopelekwa Bungoma kwa helikopta, jamaa mmoja alining'inia kwenye vyuma vya kutulia ikapaa naye. Video yake ilizunguka dunia. Tukamwita James Bond wa Bungoma, tukacheka wiki nzima, mimi nikiwemo. Khocha hakucheka. Aliona rubani ambaye uzito wa mashine yake umebadilika ghafla, upande mmoja, juu ya umati wa watu. Stori yetu ilikuwa na mtu mmoja. Yake ilikuwa na mamia, na wengi wao walikuwa wakiangalia juu na kushangilia.

Na dawa ya miiba yote minne, kwake, ni maneno mawili. Ngoja ripoti.

Nakubali, maneno hayo yalinipendeza. Mimi niliacha chuo bila karatasi, na mtu asiye na karatasi hupenda sana kanuni fupi anayoweza kubeba mfukoni. Tena ilinipa namna ya kujitofautisha na wasee wa rika langu, ambao sisi tunadhani tuna shaka kuliko vizazi vyote vilivyotutangulia, kumbe hatuna.

Wacha nieleze. Tarehe 18 Aprili 2024 helikopta ya jeshi ilianguka Elgeyo Marakwet. Jenerali Francis Ogolla, Mkuu wa Majeshi, akafa na wenzake tisa. Wawili walinusurika, na hapo neno hilo liko mahali pake. Alizikwa siku tatu baadaye kwao Siaya, bila jeneza, vile alivyoagiza. Kabla udongo haujamfunika, simu yangu ilikuwa tayari imejaa majibu: nani alipanga, kwa nini, alipewa nini. Miaka kumi na miwili kabla ya hapo, Juni 2012, ilikuwa hivyohivyo kwa George Saitoti na Orwa Ojode waliokufa Ngong katika helikopta ya polisi. Iliundwa tume chini ya Jaji Kalpana Rawal, ikaketi, ikasikiliza. Hadi leo ukilitaja jina la Saitoti kwenye matatu utapewa jibu ambalo halikutoka kwa tume.

Sisemi watu hawana sababu. Nchi yetu ina mauaji ya kisiasa ambayo hayajawahi kuelezwa, na mtu aliyeumwa na nyoka hushtuka akiona ung'ongo. Lakini angalia jinsi shaka hili linavyofanya kazi. Likiletewa ushahidi wa hitilafu ya injini linasema bila shaka, ndivyo wangesema. Likikosa ushahidi linasema umefichwa. Ukilipa hali ya hewa mbaya, ni kisingizio. Ukilipa hali ya hewa nzuri, ndiyo hiyo sasa, mbona ianguke? Shaka ambalo kila mara linafika nyumba ileile si shaka. Ni imani iliyovaa koti la mpelelezi.

Shaka la Khocha liliniridhisha kwa sababu halikuwa hivyo. Lilikuwa tayari kumuumiza mwenyewe. Chukua Douala. Usiku wa tarehe 5 Mei 2007, ndege ya Kenya Airways namba 507 iliruka kutoka Douala, Kamerun, kuja Nairobi, watu 114 ndani. Kulikuwa na ngurumo, mvua ile ya kwetu ya saa tisa alasiri lakini usiku wa manane. Mawasiliano yakakatika. Watafutaji wakaelekezwa msituni karibu na Lolodorf, zaidi ya kilomita 100 kutoka Douala, na wanahabari wakawafuata huko, na familia Nairobi zikawafuata wanahabari kwa macho. Ndege yenyewe ilipatikana siku iliyofuata jioni, kwenye kinamasi cha mikoko, chini ya kilomita sita kutoka mwisho wa njia iliyorukia. Haikuwa hewani hata dakika mbili. Watu walikuwa wakitafuta habari kubwa huko mbali, na mabaki yako nyuma ya nyumba.

Sasa, stori za wakati ule zilikuwa radi, injini, mtambo. Ripoti ilipotoka 2010 ilisema ndege haikuwa na hitilafu ya kuiangusha. Ilikuwa ikilala upande wa kulia polepole, gizani, bila kiongozi cha kujiendesha kuwashwa, na marubani hawakutambua hadi ikawa wamechelewa. Khocha aliisoma yote. Huwa anasema sentensi moja tu kuihusu: "Ni watu wa kazi yangu, na ni kweli." Mtu anayeweza kusema hivyo, nikajiambia, ndiye wa kufuatwa.

Halafu kuna tarehe 10 Machi 2019. Jumapili.

Nilikuwa bado chuoni. Asubuhi hiyo ndege ya Ethiopian Airlines namba 302 iliondoka Addis Ababa kuja Nairobi na ikaanguka dakika sita baadaye karibu na Bishoftu. Watu 157 wa zaidi ya mataifa thelathini. Wakenya walikuwa 32, wengi kuliko nchi nyingine yoyote. Watu wakiwa uwanja wa Jomo Kenyatta na maua mkononi walipata habari kwa simu zao kabla ya kupewa na mtu yeyote mwenye kitambulisho shingoni.

Mchana kukatokea video. Ndani ya ndege, watu wanapiga kelele, wengine wanaomba, barakoa za hewa zinaning'inia. Maandishi yakasema ni dakika za mwisho za ndege ile. Nilikuwa kitandani hosteli. Niliiangalia mara mbili nikaisambaza kwenye kundi la WhatsApp la shule yetu ya upili, na chini yake nikaandika "Mungu wetu". Haikuwa ndege ile. Sikuuliza hata jambo dogo tu: kama simu iliteketea na mwenyewe, video imefikaje hapa?

Ndani ya kundi lile kulikuwa na msichana tuliyesoma naye. Shangazi yake alikuwa kwenye orodha ya abiria, na mimi sikujua. Aliiangalia. Hakuandika chochote. Tuliona tu ile mistari miwili ya kijivu kwamba ameondoka kwenye kundi. Baadaye mwenzetu mmoja akaniambia kwamba alikaa siku nyingi akiwatazama wale watu wanaopiga kelele, picha kwa picha, akimtafuta shangazi.

Kwa hiyo ukiniuliza kama naamini katika kungoja ripoti, naamini. Naamini kama mtu aliyeungua anavyoamini moto. Kama ningengoja hata robo saa, mtu mmoja asingetafuta marehemu wake kwenye nyuso za wageni.

Nilikuja kumwambia Khocha stori hii mwaka jana, pale kibandani, mvua ikipiga mabati hadi redio haisikiki. Nilitarajia aniambie nimeona sasa. Hakusema hivyo. Alinyamaza kitambo, kisha akanipa yake.

Zaidi ya miezi minne kabla ya Bishoftu, tarehe 29 Oktoba 2018, ndege ya aina ileile, Boeing 737 MAX, ya shirika la Lion Air, ilianguka baharini karibu na Jakarta ikaua watu 189. Redio yetu ilitangaza. Kibanda kikamuuliza Khocha, kwa sababu kila kibanda humuuliza mtaalamu wake. Na Khocha akasema: mashirika yale ya bei ya chini, matengenezo ya kubahatisha, marubani waliokimbizwa masomo. Nyinyi msikimbilie kulaumu ndege. Ngoja ripoti.

"Unaona?" akaniambia. "Nilisema ngoja ripoti, na nilikuwa nimeshaiandika."

Mambo yaliyokuja kujulikana baadaye ni haya. Ndege ile ilikuwa na programu inayoitwa MCAS iliyosukuma pua chini ikidhani ndege imeinuka kupita kiasi. Ilitegemea kihisi kimoja tu cha kupima pembe ya ndege dhidi ya upepo, ingawa ndege ilikuwa na viwili. Kihisi kikikosea, programu nayo ilikosea, na ikarudia kosa tena na tena huku marubani wakivuta pua juu. Marubani wa Lion Air hawakuwa wameambiwa kwamba programu hiyo ipo. Haikuwa kwenye kitabu chao. Shirika lao lilikuwa limeuliza mwaka 2017 kuhusu mafunzo ya mashine ya kuigiza kwa ndege hii mpya, na ndani ya Boeing wafanyakazi wakaandikiana jumbe za kuwadharau kwa kuuliza. Jumbe hizo zilikuja hadharani Januari 2020.

Na kuna moja ambalo Khocha hulisema polepole. Baada ya ajali ya Jakarta, mamlaka ya usafiri wa anga ya Marekani ilifanya tathmini yake. Ilikadiria kwamba bila marekebisho, ndege hizo zingeweza kupata ajali zaidi ya 15 katika maisha yake yote ya kazi. Ndege ziliachwa ziendelee kuruka huku programu ikirekebishwa. Marubani waliongezewa maelekezo. Dunia ikaambiwa uchunguzi unaendelea. Ripoti kamili ya Jakarta ilitoka Oktoba 2019.

Rudi usome tarehe. Bishoftu ilikuwa Machi 2019. Mtu aliyengoja ripoti ya ajali ya kwanza aliipata miezi saba baada ya ajali ya pili.

Hapo ndipo kanuni yangu ya mfukoni ilipovunjika. Kwa sababu maneno ni yaleyale mawili. Mimi ningeyafuata, ningemwepusha msichana yule na uchungu asiostahili. Walioyafuata wengine, ndege ikaendelea kuruka na watu 157 wakapanda. Inawezekanaje kanuni moja iwe adabu mdomoni mwangu na iwe hatari mdomoni mwa mwenye kiwanda?

Nilisoma falsafa muhula mmoja kabla sijaondoka chuo, na jambo moja nililobaki nalo ni merikebu ya Clifford. W. K. Clifford, Mwingereza, aliandika mwaka 1877 juu ya mwenye merikebu aliyejua chombo chake ni kikuukuu. Alikuwa na wasiwasi, akaufukuza, akajishawishi kwamba merikebu iliyorudi salama mara nyingi itarudi tena, akaipeleka baharini na wahamiaji ndani yake. Ikazama. Akalipwa bima. Clifford anasema mtu huyo ana hatia, na angekuwa na hatia hata kama merikebu ingefika, kwa sababu hakuwa na haki ya kuamini alichoamini. Ni kosa, anasema, kuamini bila ushahidi wa kutosha.

Darasani nilielewa kwamba Clifford anatetea shaka. Sai naona kitu kingine. Yule mwenye merikebu naye alikuwa na shaka! Aliwashuku waliomwambia mbao zimeoza. Mwaka 2019 hata mbunge mmoja wa Marekani, Sam Graves, alisema kwenye kikao cha Bunge kwamba marubani waliofunzwa Marekani wangeweza kuimudu hali ile. Kapteni wa Bishoftu, Yared Getachew, ambaye mama yake ni Mkenya, alikuwa na zaidi ya saa 8,000 angani akiwa na miaka 29. Rubani msaidizi wake magazeti yaliandika ana saa 200. Ripoti ya awali ikaandika 361. Bado ni chache, mtu anaweza kuuliza. Lakini tazama shaka lilivyokimbilia huko kwanza, kwa kijana Mwafrika aliyekufa, kabla ya kugusa kiwanda chenye mawakili.

Khocha alinisaidia kuliona hili kwa sababu na yeye alilifanya, na yeye ni Mwafrika aliyewahi kuulizwa na abiria kama kweli ndiye kapteni. "Nilishuku gazeti," alisema. "Nikashuku abiria, nikashuku Waindonesia. Ndege sikuishuku. Ndege ilikuwa kama mama yangu."

Kwa hiyo swali la kwanza la kumuuliza mwenye shaka si kama shaka lake lina akili. Ni kama linagawanywa sawa. Anayeshuku mashahidi wa kijijini ashuku pia taarifa ya kampuni. Anayeshuku serikali, kama sisi wa TikTok, ashuku pia video inayompendeza. Usipofanya hivyo huna shaka, una upande.

Lakini hilo halitoshi. Hata shaka lililogawanywa sawa linatuacha bila jibu siku ya tarehe 11 Machi 2019, siku moja baada ya Bishoftu. Siku hiyo hakuna aliyejua. Visanduku vinavyorekodi safari ndiyo vilikuwa vimepatikana tu. China ikasimamisha ndege zake za MAX siku hiyohiyo, na Ethiopian Airlines ikatangaza kwamba imesimamisha zake. Marekani ikasema tarehe 12 kwamba hakuna msingi wa kuzisimamisha, kisha tarehe 13 ikazisimamisha. Kama kigezo ni ushahidi peke yake, Marekani ilikuwa mwanafunzi mzuri wa Clifford: ilikataa kuamini kabla ya kuona. Mbona basi tunahisi kwamba China ndiyo iliyofanya sawa?

Mtu aliyemjibu Clifford, Mmarekani William James, alisema mwaka 1896 kwamba kuna maswali yasiyotungoja. Kutoamua ni kuamua. James alikuwa akizungumzia dini zaidi, lakini mfano wake naupata kwenye ndege iliyo getini ikiwa na mafuta tayari. Ukisema "sijui kama ni salama, ngoja tuone" huku abiria wanapanda, umeshaamua. Umeamua kwamba ni salama. Umekataa tu kulisema.

Hapo ndipo nilipojiuliza jambo ambalo nadhani linatenganisha kosa langu na kosa la kiwanda. Ukikosea, kosa hilo linaweza kurudishwa? Na wakati wa kungoja, nani analipa?

Mimi ningenyamaza siku ile na video ikawa ya kweli, kungeharibika nini? Hakuna. Kesho yake ningeweza kuisambaza ikiwa bado nina moyo huo. Lakini niliposambaza ya uongo, sikuweza kuichukua tena kutoka machoni mwa mtu. Ukizisimamisha ndege na zikawa salama, umepoteza pesa, nyingi sana, lakini pesa hurudi na ndege huruka tena. Ukiziacha ziruke na zikawa mbovu, Boeing ilikubali mwaka 2021 kulipa zaidi ya dola bilioni 2.5 katika makubaliano na serikali ya Marekani, na hakuna hata mtu mmoja kati ya wale 346 wa ajali mbili aliyeshuka ngazi.

Kwa hiyo kungoja si tendo moja. Kungoja kabla ya kusema na kungoja kabla ya kuzuia ni vitu viwili vilivyovaa sare. Cha kwanza kwa kawaida analipia anayengoja: anakosa kuwa wa kwanza, anakosa wafuasi, anaonekana mshamba. Cha pili kwa kawaida analipia mtu mwingine, aliyeketi kiti cha 14C na haulizwi.

Wavuvi wa Bukoba hawakusoma Clifford. Ndege ilipoingia majini walipiga kasia kuiendea. Hawakujua ndani kuna wangapi, kama kuna moto, kama mafuta yatalipuka. Mmoja wao, Jackson Majaliwa, alisifiwa, Serikali ikampa shilingi milioni moja na kazi ya zimamoto. Baadaye watu wakabishana ni nani hasa aliyefungua mlango. Khocha, mzee wa mwiba wa nne, angetegemewa aanze hapo. Lakini kwa Bukoba yeye hutenganisha. "Stori ya mlango, ngoja ripoti," husema. "Mtumbwi, usingoje."

Kuna mtu atasema: basi umewapa ruhusa wale wa TikTok. Nao watadai wanazuia hatari, hawasemi tu. Nimelifikiria hili. Anayetaka kuzuia huomba kitu kinachoweza kuzuiwa: ndege isiruke, kihisi kipimwe, rekodi zifunguliwe. Anayesema "najua nani aliua" na hana cha kuomba kizuiwe, hazuii. Anahukumu. Na hukumu, kama ile video yangu, haichukuliki tena.

Hata ripoti yenyewe, siku ikifika, si Biblia. Ripoti kamili ya Bishoftu ilitoka Desemba 2022. Wachunguzi wa Marekani na wa Ufaransa walikubali kwamba MCAS ilisukuma ndege chini, lakini wakasema ripoti haikuchunguza vya kutosha kazi ya marubani. Wahabeshi waliona hitilafu ya umeme kwenye kihisi. Wamarekani walisema kihisi kilivunjwa kwa kugongwa na kitu, huenda ndege wa angani. Niliwahi kudhani ripoti ndiyo mlango unaofunga maneno. Kumbe ni sauti nyingine, iliyosoma zaidi na kujiandaa zaidi, na yenye nchi nyuma yake.

Yule msichana nilimwandikia baada ya mazungumzo yale ya mvua. Nilimwambia ni mimi niliyesambaza, kwamba haikuwa kweli na sikuwa nimeuliza. Alijibu baada ya siku mbili. "Najua ni wewe. Asante kwa kusema." Sijui kama hiyo ni kusamehewa, na sijamuuliza.

Wiki iliyopita nilimpelekea Khocha hoja yangu yote, nikijiona mwanafalsafa. Nikamwambia: Khocha, ile siku ya abiria walionusurika kifo, uliifunza kibanda jibu lenyewe. Rubani anayeacha kutua na kupaa tena hajathibitisha lolote. Hana ripoti. Hajui kama angetua vibaya, pengine angetua vizuri kabisa. Anachojua ni kwamba akipaa bure amepoteza dakika kumi na mafuta, na akitua vibaya hana pa kurudi. Kwa hiyo akiwa na shaka, hupaa.

Alikoroga chai ambayo sukari yake ilikuwa imeyeyuka zamani.

"Basi ile Oktoba," akasema, "nilifaa kupaa tena."

Redio ikaingia matangazo. Mama wa chai akaja na daftari lake la madeni, akaniuliza nitalipa lini. Nikamwambia kwa mzaha angoje ripoti.

"Ni sawa," akasema. "Lakini anayengoja ni mimi, si wewe."

Nikalipa nusu.